Kulirudisha Kazini Tangi la Samaki Lililokaa Stoo: Maelekezo kwa Nyumba za Tanga

Tangi la kioo lililowekwa stoo baada ya samaki kufa linaweza kutumika tena, lakini lisijazwe maji sebuleni kabla ya kupimwa. Silikoni inayounganisha vioo huweza kukauka na kubanduka pembeni tangi linapokaa muda mrefu bila maji. Kwa hiyo litoe uani, liweke juu ya ubao uliolala sawasawa, lijaze hadi karibu na ukingo, kisha liache kwa siku mbili huku ukipitisha karatasi kavu kwenye pembe za chini mara kwa mara. Karatasi ikilowa, silikoni ya ndani yote ikwanguliwe kwa wembe na kupakwa mpya, tena iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Ukoko mweupe wa chokaa huondoka kwa siki na kitambaa. Sabuni isitumike kabisa.

Chagua mahali pa kudumu mapema. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huingia lita 54, yaani kilo 54 za maji peke yake kabla hujahesabu kioo na mchanga, na likishajaa halibebwi. Meza iwe imara, mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa maana jua huleta ukijani usiokwisha.

Sisi tunaoishi pwani tuna kishawishi chetu, nacho ni kuchukua mchanga wa ufukweni, makombe na vipande vya matumbawe ili kupamba tangi la maji baridi. Vitu hivyo vimejaa chokaa, ambayo huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu na yenye alkali, hali isiyowafaa samaki wa maji laini kama tetra. Ukiwa na shaka na mchanga wowote, weka kijiko kimoja kwenye kisosi na udondoshee siki: ukitoa mapovu madogo, una chokaa. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika ndio wanaoyapenda maji ya namna hiyo, lakini hata kwao mawe ya kawaida yanatosha, na matumbawe yabaki baharini yanakohitajika. Mchanga wa mto uliosuuzwa hadi maji yake yatoke meupe ndio ninaoupendekeza.

Maji ya bomba ya jijini Tanga hutoka bwawa la Mabayani, katika mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki, na kama maji mengine ya bomba hutiwa klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, au yasiyotoa povu la sabuni kwa urahisi, yasitumike kwa samaki wa maji laini. Maji ya mvua hufaa kuchanganywa na ya bomba, ilimradi mvua ya kwanza iwe imeshasafisha bati.

Sasa tuingie kwenye jambo linaloua samaki kuliko ugonjwa wowote. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Bakteria hao huishi kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga na kwenye kioo. Sponji iliyokauka stoo haina tena kundi la kutegemewa, hivyo tangi lako la zamani ni tangi jipya. Washa chujio, tia chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili ili zioze na kutoa amonia, kisha subiri wiki nne hadi sita. Ukimpata mwenye tangi lenye afya, mwombe kipande cha sponji yake, ukibebe kikiwa kimelowa na ukiweke ndani ya chujio lako siku hiyo hiyo, na muda huo utapungua sana. Tangi huwa tayari pale vipimo vya matone (dawa za kudondoshea kwenye maji ili kuyapima) vinapoonyesha amonia na nitriti zote ni sufuri.

Anza na samaki wachache aina ya gapi, madume watupu usipotaka vifaranga kila mwezi. Acha mfuko wao uelee juu ya maji kwa dakika ishirini, ukiongeza maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo uwaachie. Kila wiki badilisha robo ya maji, na sponji uisuuze katika maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini huua bakteria uliowalea.

Kifaa cha kupasha maji hakihitajiki katika joto letu. Hatari iliyopo ni umeme kukatika na pampu kusimama, kwani maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Ukikatika, usiwalishe, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kwa dakika chache kila nusu saa. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, nusa sponji kwanza, na ikinuka uvundo isuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha pampu.