Somo: Matembezi ya vuli na watoto wadogo, kwa wanaoota kuhamia mashambani

Mijakaranda imeanza kumwaga maua barabarani, na huku Uthiru, pembeni mwa Nairobi, tunakokaa, mawingu yanashuka kila alasiri. Vuli ya kwetu haina majani ya kupukutika kama ya nchi za baridi. Kwetu ni vumbi kulala, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na shamba lililokuwa jekundu kugeuka kijani ndani ya wiki mbili. Shule nazo zinafunga mwishoni mwa Oktoba. Familia yenye watoto wadogo na ndoto ya kuhamia mashambani haina msimu wa kutembea unaoshinda huu, na nitaeleza kwa nini nasema huu wala si Januari.

Baba watoto na mimi tuna watoto wawili, mmoja wa miaka sita, mwingine miwili. Tunaishi ghorofa ya nne. Mwaka juzi, Septemba, tulipanda matatu hadi upande wa Limuru, kaunti ya Kiambu. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Tulionyeshwa ploti kwenye mteremko, mashamba ya chai upande mmoja, mikaratusi upande wa pili, na binti yetu alikimbia siku hiyo mpaka akalala njiani na kiatu kimoja mguuni. Tulirudi tumeshaamua. Kilichotuzuia kulipa arubuni ni mshahara kuchelewa tu.

Tuliporudi Novemba na pesa tayari, matatu ilituacha kwenye lami. Njia ya kuingia ndani ilikuwa imegeuka uji. Tulitembea karibu saa nzima, mtoto mgongoni, na tulipofika tulikuta maji yamesimama sehemu ya chini ya ile ploti hadi kwenye vifundo vya miguu. Tulikuwa tumeambiwa pale ni pakavu mwaka mzima. Hatukununua. Somo hili limetoka kwenye matope yale.

Hatua ya 1: Chagueni upande mmoja, mrudi huko huko

Wengi wetu tunatembea kama watalii: leo Ngong, wiki ijayo Naivasha, mwezi ujao Nanyuki. Ni raha, lakini hamtajua lolote kuhusu maisha ya huko. Ninyi rudini mahali pamoja mara nne au tano ndani ya vuli moja. Mara ya kwanza mtaona mandhari. Mara ya tatu mama wa duka atawauliza mbona wiki jana hamkuja, na hapo ndipo mtaanza kuambiwa mambo.

Kama mtoto hajazoea kutembea, anzeni Karura. Ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji, una maporomoko ya maji, mapango na njia tambarare. Sipiti pale bila kumweleza binti yangu habari za Wangari Maathai, kwamba miaka ya tisini alisimama na wenzake msitu usigawanywe kuwa nyumba, na kwamba alipigwa. Milima ya Ngong ni ya watoto wakubwa kidogo, maana upepo wake si mchezo. Mitambo ya umeme wa upepo haikuwekwa pale bure. Matatu za 111 zinafika Ngong mjini.

Sikukuu zinasaidia kupanga: 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira, 20 Oktoba ni Mashujaa, 12 Desemba ni Jamhuri.

Hatua ya 2: Kufungasha

Gambuti kwa kila mtu, hata mdogo. Nguo mbili za kubadilisha kwa mtoto, mfuko usiopitisha maji wa kurudishia zile chafu, chupa ya chai ya moto, viazi vitamu vya kuchemsha. Mwavuli acheni, makoti ya mvua ni bora kwa sababu mikono inabaki huru kushika watoto.

Hatua ya 3: Pandeni matatu, hata kama mna gari

Ukienda na gari lako utajua umbali kwa kilomita. Ukienda na matatu utajua nauli inapanda kwa kiasi gani mvua ikinyesha, gari la mwisho linaondoka saa ngapi, na boda boda wanakataa kuingia njia ipi. Hayo ndiyo maisha mnayoyataka. Siku mkihamia na gari liharibike, au mmoja wenu akose kazi, mtayaishi.

Hatua ya 4: Kopo la mvua

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na watoto pia. Tafuteni kopo lililonyooka pande zote, upana wa mdomo uwe sawa na wa chini. Liwekeni mahali wazi, mbali na mti na paa. Mvua ikipita, chovyeni rula: kina cha maji kwa milimita ndicho kipimo cha mvua hiyo. Ni kipimo kile kile cha watu wa hali ya hewa.

Sasa mpeni mtoto hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ndogo yenye paa la mabati la mita za mraba 50, ikinyeshewa milimita 20, imepokea lita 1,000. Ondoeni inayomwagika nje ya mifereji, bado mna zaidi ya mitungi 35 ya lita 20. Binti yangu alipoelewa hilo aliuliza mbona sisi tunanunua maji ya mkokoteni ilhali paa la jengo tunalokaa linamwaga yote barabarani. Sikuwa na jibu la kumpa.

Hesabu hiyo inafundisha na upande wa pili wake. Kiangazi cha Januari na Februari kinakuja, na tangi dogo halitawavusha. Ulizeni wenyeji wanachota wapi Februari.

Hatua ya 5: Nunueni sokoni, na muulize

Kwenye barabara kuu ya Nakuru, upande wa Lari, kuna Soko Mjinga: viazi, kabeji, karoti, njegere mbichi. Nendeni na watoto wabebe wenyewe. Lakini msinunue mkakimbia. Mama mmoja muuza viazi alinifundisha kwa dakika kumi mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria. Viazi vya Shangi, ambavyo karibu sote tunakula Nairobi, huiva kwa takriban miezi mitatu, lakini vikishachimbwa huchipua upesi. Mkulima hawezi kuviweka angoje bei. Anauza kwa bei ya siku ile ile, na mara nyingi kwa lumbesi, lile gunia linalorundikwa hadi kuvishwa wavu juu, ingawa sheria inataka gunia lisizidi kilo 50. Kilo za ziada ni jasho lake linalokwenda bure. Kama ndoto yenu ni kuacha kazi na kuishi kwa viazi, mazungumzo hayo ni ya lazima.

Hatua ya 6: Laleni huko usiku mmoja wa mvua

Kwa ndugu, rafiki, au chumba cha kulipia. Nendeni chooni usiku na tochi. Sikilizeni mabati. Stima ikipotea, ngojeni mwone inarudi baada ya muda gani. Mwanangu mdogo alilia kwa ajili ya giza, kisha akalala saa kumi na moja mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea Uthiru.

Hatua ya 7: Kodini kabla ya kununua

Kodini kipande kidogo kwa msimu mmoja, mpande maharagwe na sukuma wiki. Maharagwe yanawarudishia jibu kwa miezi mitatu hivi. Mtajua kama mnapenda kilimo au mnapenda kuangalia kilimo. Yote mawili ni mazuri, ila la pili halihitaji ekari.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kayole: Dada, wangu ana miezi minane. Baridi ya Limuru haitamdhuru?

Limuru iko juu, takriban mita 2,200, kwa hiyo ina baridi kuliko Kayole. Mvalishe nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito, kofia, soksi mbili, na umbebe kifuani. Mtoto akilowa mbadilishe hapo hapo, usingoje kufika nyumbani. Akiwa na homa au kifua, ahirisheni. Vuli ni ndefu.

Baba wa Kitengela: Huku kwetu ardhi ni nafuu na tambarare. Kwa nini mnakimbilia Kiambu?

Ndugu yangu, sina neno baya juu ya Kitengela. Ila angalia udongo. Upande wa magharibi na kaskazini mwa Nairobi, mpaka Limuru, mwingi ni mwekundu unaopitisha maji. Huko kwenu sehemu kubwa ni ule mweusi mzito. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono, na msingi wa nyumba unafuata. Ndiyo maana mafundi huuchimba na kuuondoa kabla ya kujenga. Bei ya ploti si bei yote, jumlisha na hiyo. Nenda siku ya mvua, chukua udongo kiganjani, uukande. Ukinata kama ugali usioiva, mwite fundi kabla ya kulipa.

Dada wa Kasarani: Ploti ya hamsini kwa mia inatosha ng'ombe mmoja na nyumba?

Hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, na ekari ni 43,560. Hata moja ya nane ya ekari haitimii. Nyumba, choo, tangi na bustani vitaingia. Ng'ombe atasimama, lakini chakula chake chote utanunua, na ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa zaidi ya lita 60 za maji kwa siku. Anza na kuku. Yai likiatamiwa siku 21 watoto wanahesabu kila asubuhi, na hasara yake unaimudu.

Baba wa Rongai: Tumeshapata mahali, tumerudi mara tano, mvua tumeiona. Sasa je?

Sasa karatasi. Fanyeni upekuzi wa hati, ile wengi tunaita sachi, ninyi wenyewe au kupitia wakili wenu, wala si kwa nakala mnayoletewa na muuzaji. Mleteni mpima awaonyeshe bikoni zote, yaani alama za mipaka. Mke au mume wa muuzaji lazima akubali. Na kama ni ardhi ya kilimo, mnahitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane. Arubuni isitoke kabla ya sachi.

Mama mtu mzima, Kikuyu: Mwanangu, mimi nilizaliwa shambani na nikafurahi kutoka. Kuchota maji nikiwa na miaka saba hakukuwa matembezi. Hawa watoto mnawapeleka kwenye nini?

Mama, asante, na nimelisoma swali lako mara kadhaa. Mama yangu aliniambia karibu hivyo hivyo. Sitaki binti yangu abebe mtungi. Ndiyo sababu ya kopo na hesabu za tangi: kama maji hayatoshi, hatuhami, hata mandhari yawe mazuri namna gani. Ninachotaka ni awe na mahali pa kukimbia bila mimi kumshika mkono, na ajue viazi vinatoka wapi na nani alivichimba. Kama una la kutuonya zaidi, tuandikie hapa, tutasoma.

Dada wa Zimmerman: Na ninyi, mmehama?

Bado. Tumekodi kipande kidogo kwa mama mmoja Limuru tangu Machi, tumevuna maharagwe debe moja na nusu. Kopo letu limebaki uani kwake. Mvua ikinyesha huchovya rula na kuniandikia namba kwa simu, na binti yangu anaijaza daftarini. Jana aliandika 14.