Namna ya kupigana na rubani wa kompyuta asiyepungukiwa damu kichwani

"Fundi, hii MiG inatuchezea." Vijana wanaoniletea laptopu hapa Kondele hawaishi kulalamika hivyo kuhusu MiG-15, ndege ya kivita ya Kirusi, inayoendeshwa na kompyuta kwenye DCS World, mchezo wa kuendesha ndege za kivita. Wameshanunua joistiki mpya, wameshakesha wakifanya mazoezi, na bado adui anazunguka nao weee, halafu ananyanyua pua na kupanda juu wakati wao hawana kasi hata ya kumfuata. Nawaambia wasikimbilie kujilaumu. Kwanza mpime huyo mpinzani.

Ndege unayoiendesha wewe hukokotolewa kwa undani: hewa juu ya mbawa, uzito, nguvu ya injini. Ndege zinazoendeshwa na kompyuta hupewa hesabu nyepesi zaidi ili prosesa isilemewe, na ndiyo maana hazipotezi kasi kwenye kona jinsi yako inavyopoteza. Ni kama kushindana kupanda kilima cha Riat na mtu wa boda ambaye petroli yake haipungui.

Halafu kuna suala la mwili. Ukikata kona kali, damu hushuka miguuni, macho huingia kijivu, kisha giza. Mchezo unakuadhibu wewe kwa hilo, rubani wa kompyuta mara nyingi hauna habari naye. Katika vita vya Korea, 1950 hadi 1953, marubani wa Marekani kwenye F-86 walivaa suti za kubana miguu na tumbo ili damu isishuke. Warusi kwenye MiG-15 hawakuwa nazo. Kwa hiyo ukiona MiG inakata kona kali mfululizo bila kupumzika, ujue mle ndani hamna mtu.

Kumpima ni hivi. Ingia kwenye kihariri cha misheni, yaani sehemu ya mchezo ya kujitengenezea pambano, weka F-86 yako moja na MiG-15 moja, anga safi, kimo cha mita 6,000. Pigana naye dakika chache, hata kama unapigwa, kisha fungua rekodi ya pambano kwenye Tacview, programu ya kutazama upya safari za ndege. Bofya ile MiG, rudisha rekodi pale kona zilipoanza, uisogeze polepole. Tazama kasi na kimo kwa pamoja. Kona kali kuliko injini inavyoweza kuihimili lazima ilipiwe: ama kasi ishuke, ama ndege ishuke. Ukiona amezunguka duara kali namna hiyo baada ya duara na namba zote mbili zimekaa palepale, hapo ndipo anapokuibia. Andika ni kwenye kasi gani, maana hapo ndipo hutakiwi kukutana naye tena.

Sasa mfunge miguu. Wengi hukimbilia kushusha daraja lake la ustadi kutoka Ace (bingwa) hadi Rookie (mwanagenzi). Mimi siipendi sana dawa hiyo, kwa sababu unapata adui mzembe ndani ya ndege ileile ya ajabu. Afadhali umbebeshe mzigo: mjazie mafuta asilimia 100, wewe ujiwekee nusu. Uzito unaingia hata kwenye zile hesabu nyepesi. Kwa ndege zenye afteburna, ule moto wa ziada nyuma ya injini, kihariri kina chaguo la kumzuia asiiwashe, na tofauti utaiona mara moja. Jipe pia kimo cha ziada, mita 1,000 hivi juu yake. Hiyo si hila. Marubani wa kweli walikitafuta kimo kabla ya kitu kingine chochote.

Vitani kwenyewe, usikubali kuzunguka naye. Shuka kutoka juu, piga risasi fupi, pita, nyoosha ndege uende mbali, ndipo upande na kugeuka. Mkono utakuwasha kuvuta joistiki umfuate kwenye kona. Uache uwashe. Kompyuta ina subira isiyo na mwisho ndani ya duara, lakini haina mpango. Mara nyingi inakufuata tu. Akikukalia mkiani, piga mbizi. F-86 hutulia kwenye mbizi kali, na MiG-15bis ya kweli ilifungua breki zake za hewa yenyewe ikikaribia Mach 0.92, yaani asilimia 92 ya kasi ya sauti.

Wenye laptopu nyonge, ambao ndio wengi wanaokuja kwangu, DCS itawajazia diski bure. Wekeni IL-2 1946, mchezo mwingine wa ndege za kivita. Ni ya mwaka 2006 na inakimbia kwenye mashine yoyote inayowaka. Ila ile ya awali, kompyuta inawaona hata mkiwa ndani ya wingu, kwa hiyo kujificha huko ni kupoteza muda. Wekeni kiraka (sasisho la mchezo) cha 4.11 cha kundi la Team Daidalos au cha baadaye. Rubani wa kompyuta alirekebishwa sana hapo. Kwenye misheni ya haraka kuna pa kuchagua nani aanze akiwa juu. Chagueni nyinyi.

Ukishaweza kumwangusha bila kuzunguka naye, mwache utafute mtu. IL-2 1946 inakubali laptopu mbili kwa kebo ya LAN, bila bando: mmoja anafungua seva, mwingine anaandika anwani yake ya IP. Zimeni yale majina yanayoelea juu ya ndege kabla ya kuanza, na mkubaliane mapema kiasi cha mafuta.