Jinsi ya kuomba kadi ya pointi kwenye benki isiyopenda kubahatisha

Kuna watu wenye alama nzuri za mkopo (namba inayopima jinsi mtu anavyolipa madeni), ambao hawajawahi kuchelewesha malipo hata mara moja, na bado wananyimwa kadi ya mkopo yenye pointi, yaani inayokupa pointi za zawadi kila unapoitumia. Benki yenye tahadhari inaogopa watu wawili. Wa kwanza ni yule atakayeshindwa kulipa. Wa pili analipa vizuri, ila amefuata zawadi ya kujiunga; akishaipata, kadi anaitupa kwenye droo. Zawadi ile benki inaitoa mwanzoni, kisha inategemea kuirudisha kidogo kidogo kwa ada wanazolipa wafanyabiashara kadi inapotumika, ada ya mwaka na riba. Ndiyo maana haiishii kwenye alama. Inataka kujua umekuwa ukifanya nini miezi ya karibuni, na hapo ndipo maombi mengi yanapoanguka.

Kwa hiyo jipe miezi sita ya maandalizi. Fomu yenyewe ni ya dakika kumi.

Soma taarifa yako kabla benki haijaisoma

Omba nakala ya taarifa yako ya mikopo kwa kila kampuni inayotunza taarifa za wakopaji unakoishi. Equifax, Experian na TransUnion zinafanya kazi katika nchi nyingi. Nakala moja haitoshi, kwa sababu si kila mkopeshaji anapeleka taarifa kwa zote, na benki inaweza kuuliza palepale ambapo hukuangalia. Tafuta deni lisilo lako, mkopo uliomalizika lakini bado unaonyesha salio, na anwani ya zamani iliyoandikwa kama ya sasa. Ukikuta kosa, lipinge kwa maandishi na uambatishe uthibitisho wa malipo. Marekani uchunguzi wa namna hiyo kwa kawaida hutakiwa kumalizika ndani ya siku 30, na wakati mwingine 45, hivyo kazi hii ifanye mwanzoni kabisa, si wiki ya kuomba.

Tulia

Kila ombi la mkopo linaacha ulizo kwenye taarifa yako, yaani alama kwamba mkopeshaji fulani aliisoma. Katika alama za FICO, zinazotumiwa na wakopeshaji wengi wa Marekani, mikopo mipya hubeba takribani 10% tu ya alama, historia ya malipo 35%, na kiasi unachodaiwa 30%. Tazama matokeo yake: unaweza kuomba kadi nne kwa miezi mitano, alama isishuke sana, lakini afisa wa mikopo akafungua taarifa na kuona mtu anayehangaika kutafuta mkopo kila mlango. Maulizo hayo hubaki kwenye taarifa kwa miaka miwili, ingawa FICO huhesabu ya miezi 12 ya mwisho tu.

Kaa miezi sita bila kuomba chochote; mwaka mzima ni bora zaidi. Hesabu pia umri wa akaunti zako. Mwenye kadi tatu za miaka 9, 6 na 3 ana wastani wa miaka 6. Akifungua moja mpya, wastani unashuka hadi miaka 4 na nusu siku hiyo hiyo. Kama unahitaji kadi mbili, basi ile ya benki ngumu iombe kwanza.

Salio linalosomwa si lile unalolidhani

Hapa wengi waaminifu wanajiumiza bila kujua. Wanalipa deni lote kwenye tarehe ya mwisho ya kulipa, wakaamini taarifa yao inaonyesha sifuri. Benki nyingi hupeleka salio la siku ankara inapofungwa, na siku hiyo hutangulia tarehe ya kulipa kwa wiki kadhaa. Chukua kadi yenye ukomo (kiwango cha juu unachoruhusiwa kukopa) wa 300,000. Ukitumia 120,000 na ankara ikafungwa, kinachoripotiwa ni 40%, hata kama utalipa yote baadaye. Ukilipa 100,000 siku tatu au nne kabla ya ankara kufungwa, litaripotiwa salio la 20,000, yaani chini ya 7%.

Lenga chini ya 10% ya ukomo kwa jumla, na kwa kila kadi pia, maana kadi moja iliyojaa inaonekana hata zingine zikiwa tupu. Usizifanye zote ziwe sifuri; acha kiasi kidogo kwenye moja ili ionekane inatumika, kisha kilipe kwa wakati. Wala usifunge kadi ya zamani kabla ya kuomba. Ukifunga yenye ukomo wa 200,000 kati ya 500,000, deni lako la 60,000 linaruka kutoka 12% hadi 20% bila wewe kukopa hata senti.

Ifahamike sura yako

Fungua akaunti ya kawaida kwenye benki hiyo, pitishia mshahara, na uiache ikae na fedha kwa miezi mitatu hadi sita. Akaunti inayoingiziwa na kukaushwa siku hiyo hiyo haisaidii. Kabla ya kufungua, uliza kama benki itachungulia taarifa yako ya mikopo, maana baadhi hufanya hivyo.

Kama historia yako ni fupi, anza na kadi yao rahisi isiyo na ada, au ile inayodhaminiwa na amana, yaani fedha unazoweka benki kama dhamana. Baada ya mwaka wa malipo safi, omba wakubadilishie iwe ya pointi. Mara nyingi mabadiliko hayo hayaleti ulizo jipya, ila zawadi ya kujiunga kwa kawaida haitolewi.

Siku ya kuomba

Benki ikiwa na ukaguzi wa awali usioacha ulizo, utumie. Jibu zuri hapo si ahadi, lakini jibu baya linakuokoa na ombi la bure. Kama ulifunga taarifa yako isisomwe kwa kuogopa wizi wa utambulisho, ifungue kwanza. Benki isipoweza kuisoma, ombi hukwama au hukataliwa.

Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho na anwani ile ile iliyo kwenye akaunti. Kipato kiandike kama fomu inavyouliza: cha mwezi au mwaka, kabla au baada ya makato. Kukosea hapo kunaweza kukupunguzia kipato mara kumi na mbili. Usikiongeze, benki inaweza kudai hati za mshahara, na kudanganya kwenye fomu ya mkopo ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Ukijibiwa kwamba ombi linashughulikiwa, usitume jingine. Pokea simu, peleka hati wanazotaka siku hiyo hiyo.

Ukikataliwa

Subiri barua ya sababu. Marekani benki hutakiwa kukujulisha ndani ya siku 30 baada ya kupokea ombi lililokamilika, nawe una siku 60 za kuomba nakala ya bure ya taarifa iliyotumika. Kisha piga simu uombe ombi litazamwe upya, ukijibu sababu iliyoandikwa tu. Kama ni anwani isiyothibitishwa, toa hati. Kama ni salio kubwa ambalo umeshalipa, sema limelipwa lini. Kama benki inasema tayari imekupa ukomo wa kutosha kwenye kadi nyingine, pendekeza sehemu yake ihamishiwe kwenye hii mpya. Hilo hukubalika mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa hatari ya benki haiongezeki. Sababu ikiwa ni akaunti nyingi mpya, simu haitabadilisha kitu. Weka tarehe ya miezi sita mbele, na usiombe kadi popote hadi ifike.