Tafuta Kwanza Mahali Mafuta Yanapozubaa
Giya zetu za chuma, tunazozitumbukiza zikiwa moto kwenye tangi la mafuta ili zipoe ghafla na kuwa ngumu, zilikuwa zikitoka zimepinda upande mmoja, ule wa ukutani mwa tangi. Usikimbilie kuongeza kasi ya pangaboi la kukorogea. Chora tangi kwenye FreeCAD, programu ya kuchorea vifaa, pamoja na kapu la giya (mimi nililisahau, siku mbili zikapotea bure). Peleka mchoro OpenFOAM, programu ya kuigiza mtiririko wa vimiminika, uweke mnato wa mafuta kwa joto lake la kazi, letu ni nyuzi 60, kisha endesha mtiririko tu. Uchemkaji utakuja baadaye. Palipozubaa mafuta, utando wa mvuke hung'ang'ania chuma cha nyuzi 850 na kukichelewesha kupoa. Hapo weka bamba la kuelekezea mafuta. Langu nililiinamisha chini ya kapu, nikaendesha tena, ndipo nikamwita mchomeleaji.