Somo: Msaidizi wa sauti wa simu pale intaneti inapokosekana

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wanaohitaji kuiamrisha simu kwa sauti kwa sababu ya kazi au hali zao: mtu ambaye macho yake yamepungua nguvu, mama ambaye mikono yake imo kwenye unga, fundi aliyelala chini ya gari, na kila anayeishi mahali ambapo bando likiwepo mawimbi hayapo, na mawimbi yakirudi bando limekwisha. Wengi wao wameambiwa kwamba simu isiyo na intaneti haisikii. Si kweli. Simu nyingi za leo zinaweza kusikia na kutenda zenyewe, ila sharti ziandaliwe mapema, zikiwa bado zina intaneti, na mwenye simu ajue ni kazi zipi zinazomalizika ndani ya simu na zipi zinazohitaji msaada wa nje.

Mimi nilijifunza haya kwa mjomba wangu, anayeishi kijiji cha milimani wilayani Ulanga, ambako mawimbi hupatikana chini ya mwembe mmoja karibu na zahanati na kwingineko hayaaminiki. Mjomba ana presha ya macho. Maandishi ya kwenye kioo cha simu hawezi tena kuyasoma, na dawa yake ya matone lazima iingie jichoni asubuhi na usiku bila kuruka hata mara moja.

Hatua ya 1: Jua ni mtandao upi uliokosekana

Katika mazungumzo yetu neno "mtandao" hubeba maana mbili. Mtu akisema "huku hakuna mtandao", huenda bando lake limekwisha, au huenda simu haina mawimbi kabisa, hata ya kupiga kwa kawaida. Bando likiisha huku mawimbi yapo, bado unaweza kuiamuru simu ipige au itume ujumbe mfupi wa SMS, kwa kuwa huduma hizo hazipiti kwenye intaneti. Mawimbi yakikosekana kabisa, zinabaki kazi za ndani ya simu peke yake: kengele ya saa, kipima muda, tochi, kamera, kufungua programu, kuongeza au kupunguza sauti, na kucheza muziki uliohifadhiwa kwenye simu yenyewe. Habari za hali ya hewa, tafsiri ya papo hapo na majibu ya maswali ya jumla usiyatarajie katika hali zote mbili.

Hatua ya 2: Pakua faili la lugha ukiwa bado na intaneti

Hapa ndipo wengi hukwama. Ili simu itambue maneno bila msaada wa nje, lazima faili la lugha liwe limehifadhiwa ndani yake, na faili hilo haliji kwa maombi siku ambayo tayari uko shambani.

Kwenye simu ya Android, anza kwa kuingia Play Store na kusasisha programu iitwayo Speech Services by Google (huenda ukaikuta kwa jina la Speech Recognition & Synthesis), kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ya kutambua matamshi. Kisha fungua Mipangilio na uandike neno "sauti" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu, au "speech" kama simu yako iko katika Kiingereza. Nashauri kutafuta namna hii kwa sababu kila kampuni ya simu huiweka sehemu hiyo mahali pake, na kufuata njia ya simu ya mwenzako kutakupotezea muda. Unachotafuta ni orodha ya lugha zinazoweza kutambuliwa bila intaneti. Simu nyingine huiweka orodha hiyo ndani ya programu ya Google: gusa picha yako iliyo juu pembeni, ingia kwenye mipangilio, kisha kwenye sehemu ya sauti. Chagua lugha, pakua, na usubiri mpaka iandikwe kwamba imekamilika.

Lugha unayoipakua lazima ifanane hasa na lugha uliyomchagulia msaidizi. Kama msaidizi amewekwa kwenye Kiingereza cha Uingereza nawe umepakua Kiingereza cha Marekani, simu itaendelea kulalamika kwamba haina intaneti.

Kwa upande wa iPhone, msaidizi wake wa sauti aitwaye Siri alianza kutambua sauti ndani ya simu yenyewe kupitia mfumo wa iOS 15, mwaka 2021, kwa simu za kuanzia XS na XR. Kazi zake bila intaneti ni kengele, vipima muda, kufungua programu, kuongoza muziki na kubadilisha mipangilio. Simu za chini ya hizo hazina uwezo huo, kwa hiyo anayenunua iPhone ya mtumba kwa matumizi haya na aangalie ni iPhone ya aina gani kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya 3: Jifunze amri chache, na uzitamke kwa saa za Kizungu

Msaidizi wa zamani wa Android, yaani Mratibu wa Google, pamoja na Siri, hawapokei amri kwa Kiswahili. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye lugha zinazoweza kuandikwa kwa kutamka kupitia kibodi yake ya Gboard, na wengi wetu tunafaidika nacho kila siku. Gemini, msaidizi mpya wa Google, naye anaelewa Kiswahili. Hata hivyo, Gemini hukielewa kwa msaada wa kompyuta za mbali, na bando likiisha uelewa huo huondoka nalo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaohitaji zaidi simu inayosikia bila intaneti ndio hao hao ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao ya shule. Kwa sasa tunalazimika kukariri amri chache za Kiingereza. Mjomba alizikariri nne kwa siku mbili, hivyo sioni sababu ya mtu kukata tamaa.

Amri zenyewe ni kama "Turn on the flashlight" kwa kuwasha tochi, "Set a timer for ten minutes" kwa kupima dakika kumi, "Open camera" kwa kamera, na "Call" ikifuatwa na jina la mtu.

Kengele ya saa inahitaji uangalifu wa pekee. Simu huhesabu saa kwa Kiingereza, sisi tunahesabu kwa jua. Nilipomfundisha mjomba kuweka kengele ya dawa, nilimwonyesha mfano mmoja tu nikaondoka. Yeye dawa yake ni ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na kwa kuwa alijua kwamba mbili ni "two", aliiambia simu "two a.m." na "two p.m.". Simu ilitii. Kwa siku tano aliamshwa saa nane usiku wa manane, akatia matone, akarudi kulala akidhani kumekaribia kupambazuka, hadi shangazi alipochungulia nje akaona nyota zimejaa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikumweleza kanuni.

Kanuni ni kuongeza sita kwenye saa za moja hadi sita, na kupunguza sita kwenye saa za saba hadi kumi na mbili. Saa moja asubuhi ni "seven a.m.", saa mbili usiku ni "eight p.m.", saa kumi na moja alfajiri ni "five a.m.", saa kumi jioni ni "four p.m.". Saa sita mchana sema "twelve noon", na saa sita usiku sema "midnight", ili kuepuka mkanganyiko. Kama unamfundisha mzee, usimpe hesabu. Mfundishe sentensi nzima ya saa anayoihitaji, naye aishike kama anavyoshika wimbo.

Hatua ya 4: Jaribu ukiwa bado nyumbani

Washa hali ya ndegeni, kisha hakikisha kwamba alama ya Wi-Fi nayo imezimika, kwa maana simu nyingi hukumbuka kwamba uliwahi kuwasha Wi-Fi ukiwa katika hali hiyo na huiacha ikiendelea kimyakimya. Mwite msaidizi kwa kubonyeza na kushikilia kitufe cha pembeni, au kwa namna nyingine iliyowekwa kwenye simu yako, kisha toa kila amri utakayoitegemea. Amri iliyofanya kazi hapo itafanya kazi hata porini. Iliyokataa, iandike kando na usiitegemee. Amri ya kupiga haitakamilika ndani ya hali ya ndegeni kwa kuwa mawimbi yamezimwa, hivyo ijaribu kwa kuzima data peke yake.

Hatua ya 5: Kwa asiyeona au asiyeweza kugusa kioo

iPhone ina kitu kingine mbali na Siri kiitwacho Voice Control, kilichokuja na iOS 13 mwaka 2019. Ukikiwasha mara ya kwanza, ndani ya "Settings" kwenye sehemu ya "Accessibility", simu hupakua faili mara moja kwa Wi-Fi, na baada ya hapo haihitaji intaneti tena. Ukisema "Open Phone" sehemu ya kupigia hufunguka, ukisema "Show numbers" kila kitufe hupata namba yake ndogo, nawe unataja namba hiyo tu, kitufe kikabonyezwa. Nimemwona kijana aliyepooza mikono akimpigia dada yake kwa njia hii, kwa maneno manne, bila kumwomba mtu amshikie simu.

Kwa Android ipo Voice Access ya Google, yenye amri za namna hiyo hiyo; iweke kwenye jaribio la hatua ya 4 kabla ya kumkabidhi mhusika. Kwa asiyeona anayehitaji simu imsomee kilichoandikwa, TalkBack, yaani kisoma kioo cha Android, ikiunganishwa na eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, husoma Kiswahili bila intaneti. Sauti yake ni ya kukwaruza kidogo, lakini baada ya wiki moja sikio huzoea.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimepakua faili la lugha, nimelinganisha lugha kama ulivyosema, lakini nikizima data simu bado inadai intaneti. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Angalia ni nani anayekuitikia. Katika simu nyingi za Android, Gemini amechukua nafasi ya Mratibu wa Google, naye hutegemea zaidi kompyuta za nje. Kama simu yako bado inakupa uchaguzi, fungua programu ya Gemini, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu ya kuchagua msaidizi, umrudishe Mratibu, kisha urudie jaribio la hali ya ndegeni. Kama uchaguzi huo haupo, tumia Voice Access kwa kazi za ndani ya simu.

Swali: Simu yangu ina nafasi ndogo na kila siku inaniambia nifute picha. Faili hilo si litaijaza?

Jibu: Ni faili la megabaiti kadhaa, na kwa kawaida halifiki uzito wa filamu moja fupi. Mwaka 2019 Google ilieleza jinsi ilivyobana mfumo wake wa Kiingereza wa ndani ya simu za Pixel, kutoka megabaiti 450 hadi 80, ilhali mifumo ya zamani ya seva ilihitaji faili la kutafutia maneno lenye takriban gigabaiti 2. Ubanaji wa namna hiyo ndio uliowezesha kazi hii kuhamia mfukoni mwako. Pakua lugha moja tu unayoitumia, na uweke masasisho yake yaje kwa Wi-Fi pekee, ili bando lako lisiliwe usiku.

Swali: Nikisema "Call Mwanahawa" simu inaniletea jina la mtu mwingine kabisa, au inaniuliza maswali. Nifanyeje?

Jibu: Simu iliyofundishwa Kiingereza hulilazimisha jina letu lifanane na neno inalolijua. Badilisha jina kwenye orodha ya simu yako, hasa ya wale watu watatu au wanne unaowapigia wakati wa shida, uwape neno moja fupi la Kiingereza. Chagua maneno yasiyofanana kwa sauti. Mjomba nilimwekea binti yake kama "Daughter" na tabibu wa zahanati kama "Doctor", na kila alipomwita tabibu aliitikia binti. Tulipombadilisha tabibu kuwa "Nurse", tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Swali: Je, naweza kutuma pesa kwa kuiamuru simu, kwa kuwa menyu ya *150*00# haihitaji bando?

Jibu: Ni kweli menyu hiyo hupita kwenye mawimbi ya kawaida na haihitaji bando. Hata hivyo nakusihi usifanye hivyo kwa sauti. Menyu itakudai namba ya siri, na namba ya siri iliyotamkwa kwenye daladala au kibarazani si siri tena. Anayeshindwa kubonyeza mwenyewe aende na mtu wa damu yake anayemwamini.

Swali: Mama yangu anaishi peke yake na haoni. Akianguka usiku, bando hana, na mtandao wa laini yake ukiwa umekatika, sauti itamsaidia?

Jibu: Namba ya dharura 112 simu hujaribu kuipiga hata kupitia mawimbi ya kampuni nyingine, iwapo yapo mahali hapo, hata kama laini yake haishiki. Pasipo mawimbi yoyote haitapigika, na hili lazima mlijue mapema nyumbani. Mfundishe amri ya tochi pia: mwanga unaowaka dirishani saa hizo huonwa na jirani, basi mwambieni jirani huyo maana yake. Nanyi pimeni, kwa kuzunguka na simu chumba kwa chumba, ni wapi mawimbi hushika vizuri zaidi, halafu kitanda chake kihamishiwe upande huo.