Video inaganda ukiihariri? Kabla ya kununua ram, angalia nani anaisimbua

Harusi ilikuwa Ahero siku ya Jumamosi. Jumatatu, saa tatu asubuhi, mama ya bwana harusi alikuwa ameshanipigia simu mara mbili. "Mwanangu, ile video imefika wapi?" Ilikuwa hapa mbele yangu, imeganda, bibi harusi mguu mmoja hewani. Sauti ya ngoma inaendelea kama kawaida, picha imesimama tisti. Halafu inaruka, bibi harusi yuko upande wa pili wa hema, na imesimama tena.

Ninahariri video za harusi, matanga na kwaya hapa Kondele, Kisumu, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mashine yangu ni HP EliteDesk 800 G2, ile ndogo ya ofisini inayokuja kama mtumba, yenye prosesa ya Intel i5-6500. Programu ni Premiere Pro. Fundi niliyemwita alisema kabla hata hajaketi, "Madam, hapa ni ram." Nikatoka gigabaiti 8 za ram, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hadi 16. Bibi harusi akabaki na mguu wake hewani.

Ram si kitu kibaya, na kwa mengine imenisaidia. Lakini ugonjwa haukuwa huo.

Fikiria kitabu cha madeni cha duka la mtaani. Mstari wa kwanza mwenye duka ameandika kila kitu: Mama Akinyi, sukari kilo moja, unga pakiti mbili, sabuni. Mistari inayofuata anaandika tu "kama juu, ongeza mkate", "kama juu, toa sabuni". Kinaokoa karatasi kweli, lakini ukitaka kujua deni la mstari wa arobaini, lazima urudi juu na kushuka mmoja mmoja. Hivyo ndivyo H.264 na H.265, njia mbili za kubana video, zinavyoihifadhi, na H.265 ndiyo hiyo hiyo HEVC. Fremu moja (picha moja tuli ya video) nzima, kisha nyingi zinazosema tu ni nini kilichobadilika. Kuangalia filamu si shida kwa sababu unashuka na kitabu. Kuhariri ni kurukaruka, kurudi nyuma, kukata katikati, na kila mruko mtu analazimika kukisoma tena kutoka juu.

Huyo msomaji ndiye wa kumtafuta. Anaweza kuwa prosesa, inayofanya kwa nguvu huku ina kazi nyingine mia. Au anaweza kuwa saketi ndogo ndani ya chipu ya grafiki iliyotengenezwa kwa kusimbua video tu, yaani kuifungua kutoka hali ya kubanwa iwe picha. Intel wanaiita Quick Sync, Nvidia wanaiita NVDEC. Saketi hiyo si ile sehemu ya kadi inayochora michezo au kupaka rangi, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa: kadi inaweza kuwa na nguvu za ajabu kwenye michezo, na bado isijue kusoma aina ya faili uliyonayo.

Kwa hiyo anza na faili, si mashine. Weka MediaInfo, programu ndogo ya bure, ufungue klipu moja kutoka kila kamera. Tazama vitu vinne: kodeki (njia ya kubana, kama H.264 au HEVC), biti za rangi (8 au 10), namba inayoonyesha rangi imehifadhiwa kwa kiasi gani (4:2:0, au 4:2:2 yenye rangi zaidi), na kama kasi ya fremu ni ya kudumu au inabadilikabadilika. Mimi nilikuwa na kamera mbili na simu moja. Klipu za kamera zilikuwa H.264 ya biti 8, 4:2:0, na hizo zilikuwa zinacheza vizuri. Sikuwa nimeliona hilo kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Zilizoganda zote zilitoka kwenye iPhone ya binamu ya bibi harusi, aliyekuwa karibu kabisa na wachezaji. HEVC, biti 10. Kuanzia iPhone 12 simu hizo zinaweza kurekodi HDR, video yenye mwanga na rangi pana zaidi, na HDR yake ni biti 10.

Chipu ya Intel ya kizazi cha sita, kama yangu, inasimbua H.264 na HEVC ya biti 8. HEVC ya biti 10 ilianza kusimbuliwa kikamilifu kizazi cha saba. Mwaka mmoja tu wa tofauti, na mimi nilikuwa upande mbaya.

Usiniamini kwa maneno. Mashine yako itakuonyesha yenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia "Performance", chagua GPU (chipu ya grafiki), utafute kadirisha kadogo kaitwako "Video Decode". Kama huoni, bonyeza jina la mojawapo ya vile vichati ulichague. Sasa cheza klipu ndani ya Premiere. Ya kamera: mstari ulipanda, prosesa ikatulia. Ya simu: mstari ulilala sakafuni kama mamba wa Dunga, na prosesa ikagonga asilimia 100 kwenye nyuzi zote nne. Hapo sikuhitaji fundi tena.

Ndani ya Premiere kuna taa pia. Chini ya dirisha la kutazamia bonyeza ile alama ya spana, washa "Show Dropped Frame Indicator". Itatokea nukta ya kijani. Fremu zikianza kudondoka inageuka njano, na ukiweka kishale juu yake inakuambia ngapi. Ninaiacha imewashwa siku zote. Ni afadhali kuliko kubishana na macho yako saa saba usiku.

Sasa marekebisho yenyewe. Nenda "Edit", "Preferences", "Media", uhakikishe kisanduku cha kusimbua kwa vifaa kimetiwa alama, na chini yake Intel, Nvidia au AMD kulingana na ulichonacho. Funga programu uifungue tena, kwa sababu bila hivyo haibadiliki. Kisha "File", "Project Settings", "General": pale kwenye "Renderer" pasiwe "Software Only". Hivi ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni cha kusoma faili, cha pili ni cha rangi na madoido. Niliwahi kuweka cha pili kwenye "Software Only" siku mradi ulipokuwa unajifunga wenyewe, nikasahau kwa miezi. Kwenye DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, mahali ni "Preferences", "System", "Decode Options", ila toleo la bure lina mipaka yake. Filmora, nayo ya kuhariri, wameweka visanduku viwili chini ya "Performance".

Draiva mpya, ile programu inayoiendesha kadi ya grafiki, ndiyo. Kwa Nvidia chukua ile ya "Studio".

Kuna ushauri mmoja unaotolewa kila mahali ambao ulinipotezea Jumatatu nzima: shusha ubora wa kutazamia hadi nusu au robo. Unasaidia pale rangi na madoido ndiyo mzigo. Lakini faili ya kitabu cha madeni husomwa yote kwanza, ndipo picha ipunguzwe. Ukiwa na shida ya kusimbua, robo haikupi nafuu ya maana. Unabaki na bibi harusi aliyeganda, na sasa hata uso haueleweki.

Kwa mashine yangu, nilinunua kadi ya grafiki ya Nvidia, GTX 1650 fupi, ya gigabaiti 4, inayoingia kwenye kasha nyembamba na isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Hilo la waya ni muhimu, kwani mashine hizi za ofisini hazina waya huo. Pima kasha lako kwa rula kabla hujatoa pesa. NVDEC yake inasoma HEVC ya biti 10 ya 4:2:0 bila jasho. Nikachomeka, nikahamisha kebo ya skrini kutoka ubao mama hadi kwenye kadi, nikacheza. Mguu ukashuka chini. Nilicheza kipande hicho mara sita, nikirudisha nyuma na mbele, nukta ikiwa kijani tupu.

Tahadhari: kadi mpya ikiingia, mashine nyingi huizima chipu ya Intel. Ukitaka zote mbili zifanye kazi, ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kwa HP ni F10 wakati wa kuwasha, uwashe grafiki ya ndani.

Kuna faili ambazo hata kadi hii haizisomi. Rafiki yangu wa Kakamega huniletea video za isukuti, ngoma ya asili ya Waluhya, zilizopigwa kwa biti 10, 4:2:2. Kwa upande wa GeForce, kadi za Nvidia kama yangu, 4:2:2 ilianza kusimbuliwa na RTX 50 za mwaka 2025. Kwa Intel za kompyuta za mezani, HEVC ya aina hiyo inakubalika kuanzia kizazi cha 11. Sina hata kimoja. Hapo natengeneza nakala nyepesi: bonyeza klipu kwa kitufe cha kulia, "Proxy", "Create Proxies", chagua ProRes kwa ukubwa wa 1280 kwa 720. ProRes huandika kila fremu nzima, hakuna "kama juu". Faili ni nene kwa diski lakini laini kwa mkono. Natengeneza usiku, na kwa kuwa stima hapa haina ratiba, nagawanya katika mafungu madogo ili ikikatika nisipoteze yote. Unapotoa video ya mwisho, Premiere inarudi yenyewe kwenye faili halisi.

Kama baada ya kuwasha yote haya unaona miraba ya kijani au programu inajifunga, zima kusimbua kwa kadi ujaribu tena. Ikitulia, rudisha draiva ya zamani.

Na siku hizi, kabla ya harusi, namtumia kila jamaa mwenye iPhone ujumbe mmoja: "Fungua Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible. Kisha Record Video, zima HDR. Asante, tuonane kanisani." Nusu yao hawafanyi. Nusu inayofanya inatosha.