Kupunguza matundu ya pua: jinsi ya kuamua kabla hujalala kwenye kitanda cha upasuaji

Wengi wanaonijia kuhusu pua zao hunyoosha simu kabla hawajaketi. "Daktari, hebu tazama." Zamani walikuwa wasichana tu, siku hizi na vijana wa kiume wamo. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo, na upasuaji huu ni sehemu ya kazi yangu, kwa hiyo siwezi kusema ni kitu kibaya. Ni upasuaji mdogo. Ukifanywa peke yake, mara nyingi hutosha kuchoma ganzi bila nusu kaputi, na mgonjwa hulala kwake usiku huohuo. Udogo huo ndio unaowafanya watu waharakishe. Inaniuma sana mtu anapokuja kwangu akiwa ameshakatwa kwingine, ndipo anaanza kuuliza maswali aliyopaswa kuuliza mwanzo. Nyama ya pua ikishatolewa haioti tena.

Fanya hatua hizi nyumbani, kwa mpangilio huu, kabla hujalipia hata kumwona daktari.

Hatua ya 1: Piga picha inayosema kweli

Weka selfi kando. Mwaka 2018 daktari wa upasuaji Boris Paskhover na wenzake huko Marekani walikokotoa jinsi umbali wa kamera unavyobadilisha uso. Waliona kwamba simu ikiwa sentimita 30 hivi kutoka usoni, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Ukisogea hadi mita 1.5, tofauti hiyo hutoweka. Maana yake ni kwamba pua unayoichukia kwenye simu yako huenda haipo usoni mwako.

Mwombe mtu asimame hatua mbili kutoka kwako, simu iwe usawa wa pua, atumie kamera ya nyuma na avute picha karibu kwa kuza. Piga nne: uso umetulia, unacheka, ubavu, na kidevu umekiinua ili matundu yaonekane kwa chini. Pigia mchana karibu na dirisha. Taa ya juu huongeza kivuli pembeni mwa pua.

Kuna watu ambao safari yao imeishia hapa, wakafurahi.

Hatua ya 2: Taja hasa kinachokukera

"Pua yangu ni kubwa" haimwambii daktari kitu. Chukua ile picha ya chini uiangalie taratibu, kwa sababu kuna mambo matatu yanayofanana, na mkato wake si mmoja.

La kwanza ni mabawa ya pua kutanuka, yaani nyama ya pembeni inachomoza nje kupita pale iliposhikana na shavu. Hapo hukatwa kipande chembamba kwenye shina la bawa. Mkato wa namna hii ulielezwa na Robert Weir, daktari wa New York, mwaka 1892, na mpaka leo watu huuita kwa jina lake. La pili ni tundu lenyewe kuwa kubwa, ambapo hutolewa kipande kwenye kizingiti cha tundu, chini ndani. La tatu ni kitako chote cha pua kuwa kipana ingawa mabawa hayajatanuka. Wengi wana mchanganyiko. Kinachotolewa ni kidogo mno, mara nyingi milimita 2 hadi 4 kila upande, kwa hiyo ukitarajia sura mpya hutaipata.

Sasa tazama picha ya kucheka. Kama pua hukukera ukicheka tu, hiyo ni kazi ya misuli, na kupunguza matundu hakutaizuia isitanuke. Tazama pia ubavu. Ncha ya pua ikiwa imelala, mabawa husukumwa nje. Daktari akiinua ncha, pua hujikusanya yenyewe. Ndiyo maana anayefanyiwa vyote viwili huanza na ncha, na mabawa hubaki ya mwisho.

Utasikia pia kwamba upana wa pua "unatakiwa" ulingane na nafasi iliyopo kati ya pembe za ndani za macho. Kanuni hiyo ilitoka kwa wachoraji wa Ulaya wa kale. Walipopimwa watu wenyewe, hata Wazungu wengi hawakuifikia, na Wamarekani weusi wengi pua zao zilipita mstari huo. Sisi tumekua tukisikia "pua ya upanga" ikisifiwa, na bibi zetu wakizibanabana pua za wachanga ili zichongoke. Upana wa matundu unahusiana na hali ya hewa ambayo mababu waliishi, joto na unyevu wake. Daktari anayekupima kwa rula ya macho akasema umezidi, na hakuuliza unataka nini, usimwachie uso wako.

Hatua ya 3: Chunguza ngozi yako inaponaje

Hapa ndipo ninapokaa na mgonjwa muda mrefu kuliko pengine pote. Kovu la upasuaji huu hujificha kwenye mkunjo wa pua na shavu. Likipona vizuri, hata mume wako hataliona. Lisipopona vizuri, liko katikati ya uso.

Jikague. Masikio ulipotoboa, pana uvimbe mgumu? Mabegani ulipochanjwa, kifuani penye chunusi za zamani, kovu la kujifungua kwa upasuaji: yametulia, au yalipanda na kuwasha? Uliwahi kuvaa kipini? Kile kitundu kinakueleza mengi, maana ni ngozi ileile. Uliza na nyumbani, kwa mama, shangazi na kaka, kwa sababu keloidi, yaani kovu linalovimba na kupanda, hutembea kwenye ukoo. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kati ya miaka 10 na 30, umri uleule ambao watu hutaka kubadilisha pua. Puani si mahali pake pa kawaida, hilo ni kweli, lakini mwenye keloidi mbili mwilini mimi humshauri asikatwe kwa ajili ya urembo.

Hata pasipo keloidi, mstari wa kovu unaweza kubaki mweusi kuliko ngozi ya jirani kwa miezi. Na kama umekuwa ukipaka mikorogo usoni, sema ukweli kwa daktari. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi, na steroidi hudhoofisha ngozi na kuchelewesha kidonda kupona.

Hatua ya 4: Pima pumzi

Funga mdomo. Kwa vidole viwili sukuma mabawa ya pua ndani kidogo sana, kisha vuta pumzi. Panda ngazi ukiwa hivyo. Hiki si kipimo cha hospitali, ila kinakuonjesha. Ukihisi unakosa hewa, au tayari unakoroma, unaziba upande mmoja, una mafua ya mzio yasiyoisha, anza na uchunguzi wa ndani ya pua.

Nimewahi kumpokea kijana aliyekatwa kupita kiasi mahali fulani. Matundu yalikuwa yamesinyaa, pua ikipiga mluzi usiku. Kumrekebisha ilibidi kuchukua kipande cha ngozi na gegedu kutoka sikioni, na bado hakurudi alivyokuwa. Ndiyo sababu daktari mzuri hukata pungufu. Kilichobaki kinaweza kukatwa baadaye.

Hatua ya 5: Jiulize ni nani anayetaka

Kama ni mchumba, mwajiri au maneno ya watu mtandaoni, acha kwanza. Kama hujafika miaka 18, subiri, uso unaweza kuwa bado unakua. Na kama kila siku unapoteza saa nzima kwenye kioo, unakwepa harusi na misiba kwa sababu ya pua ambayo ndugu zako hawaoni kasoro yake, nakuomba umwone mtaalamu wa afya ya akili kabla yangu. Huo ni ugonjwa unaojulikana na unatibika, lakini kisu hakiuponyi. Mtu hutoka na pua mpya na dhiki ileile, au dhiki huhamia kidevuni.

Hatua ya 6: Mchague daktari

Hakikisha amesajiliwa. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), na orodha zao unaweza kuzitafuta mtandaoni. Awe bingwa wa upasuaji wa plastiki au wa masikio, pua na koo. Mwombe picha za wagonjwa wake mwenyewe, wenye ngozi kama yako, baada ya mwaka mmoja. Za wiki ya pili hazisemi lolote. Muulize amewahi kupata matatizo gani na aliyatatua vipi. Anayesema hajawahi kupata lolote, ondoka.

Nawe mwambie yote: sigara, shisha, sikoseli, kisukari, presha, aspirini, diklofenaki, dawa za miti shamba. Sigara huachwa wiki nne kabla na wiki nne baada. Fedha jipange mwenyewe, kwani bima kwa kawaida hailipii urembo.

Hatua ya 7: Hesabu siku, kisha subiri

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Uvimbe mkubwa huisha ndani ya wiki chache, kovu hukomaa kwa mwaka hivi. Dada mmoja alinijia wiki tatu kabla ya send-off yake. Nilikataa, akakasirika, na sijutii.

Ukishapita hatua zote na jibu bado ni ndiyo, weka zile picha nne mahali usipozifungua. Baada ya miezi mitatu piga nyingine nne, umbali uleule, dirisha lilelile. Andika kwa sentensi moja unachotaka kibadilike, bila kuchungulia ulichokuwa ukikisema mwanzo. Kisha njoo kliniki na picha zote nane.